Kitufe cha Kaka

Neiafu, Vava'u
6 Machi 2023

Shangazi Kalolaine,

Shikamoo. Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na nimeona niliseme kabla ya salamu, kwa sababu najijua, nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Sisomi tena kwa macho. Kuna doa katikati ya kila kitu ninachokitazama. Si jeusi. Ni kama mtu ameweka kidole chenye mafuta kwenye kioo. Nikilitazama neno, neno linapotea na yanabaki yaliyo pembeni yake. Vitabu ambavyo watu hapa wanasifu kwamba nimevisoma, nimevisikiliza kwenye kile kisomaji ulichomtumia Bibi ndani ya boksi la Krismasi.

Sasa salamu. Baba hajambo, anavuna viazi vikuu vya mwanzo. Mama na kikundi chake wanamalizia mkeka wa harusi na wamegombana kuhusu upana wake. Kaka Penisimani amechaguliwa timu ya raga ya wilaya, siku hizi anatembea kana kwamba barabara ni ya kwake. Bibi anakusalimu. Kisomaji alikirudisha siku ileile. Alisema, "Mtu amefungiwa ndani ya mche wa sabuni, anaongea tangu asubuhi, haombi hata maji! Mwondoeni." Nikasema nitamtunzia na kumchajia. Hakuna aliyeniuliza tena.

Barua hii nimeichapa kwenye kompyuta ya shule baada ya kukuza herufi. Mama aliwahi kusema mashine yako ya kukusomea barua inajua maandishi ya chapa tu, kwa hiyo hatakuwepo mtu kati yetu. Ningekupigia, lakini tangu volkano ikate waya wa baharini simu hapa ni za kupigiana kelele, na kelele zinasikika na jirani.

Naomba unijibu kwa herufi kubwa kuliko zote ulizonazo. Nina maswali mawili. Je, kwako ilianza hivi? Na je, itakwisha yote?

Tafadhali usimwambie Baba. Wewe ni dada wa Baba, na kwetu neno la dada ni sheria katika nyumba hii. Ukisema Siale apelekwe hospitali, kufikia jioni nitakuwa kwenye boti ya Nuku'alofa, na nusu ya kijiji iko gatini inanililia. Nataka nimalize kidato cha tano kwanza.

Mimi mtoto wa kaka yako,
Siale


Logan, Queensland
2 Aprili 2023

Siale mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilichelewa njiani, nami nikachelewa kuijibu. Nasikia joto limepungua, ingawa mgongo wangu haujaambiwa. Kwaya yetu imepata mwalimu mpya, kijana mdogo, anatufundisha kupumua, kana kwamba tumefika umri huu bila kupumua. Mwambie mama yako Luseane mkeka uwe mpana. Hakuna bibi harusi aliyewahi kulalamika kwamba mkeka umezidi.

Nimekusikia. Sitamwambia baba yako Sekope.

Nina kazi kwa ajili yako. Watengenezaji wa kisomaji wanataka kutoa kipya, na wamekiuliza chama chetu cha watumiaji tunataka kiwe na nini. Tunakutana kwa simu kila mwezi, watu wasioona au wanaoona kidogo, kutoka kila pembe. Mwenyekiti ni Glenys wa Ballarat, aliyekuwa mwalimu, na bado ni mwalimu. Hoja kubwa ni hii: waondoe spika, kibaki cha hedifoni peke yake, ili kiwe chembamba na betri iwe kubwa.

Merv wa Charleville, mkata manyoya ya kondoo mstaafu, alilipuka. "Ondoeni spika, halafu nisikilize na nani? Na mbwa? Mbwa havai hedifoni!"

Shobhna wa Suva akamjibu, "Wewe Merv huna mama mkwe. Mimi nikifungua kitabu cha mauaji, anasimama mlangoni ananiuliza najifunza kwa ajili ya nani."

Nami nikatoa hoja yangu. Nikasema nataka kitufe kimoja kikubwa ubavuni. Kaka yangu akitokea mlangoni, nabonyeza bila kutafuta, kimya.

"Kaka yako ana shida gani na vitabu, Kalo?" Merv akauliza.

"Hana shida na vitabu. Ana dada."

Ilibidi niwaeleze kwamba kwetu kaka na dada hawakai pamoja mahali yanaposemwa maneno ya mapenzi, hata kama ni ya kubuniwa, hata kama wanaopendana ni bata. Glenys akasema, "Lakini kaka yako yuko Tonga, na wewe uko Logan." Nikamwambia adabu haina kilomita. Walicheka mpaka laini ikakatika mara moja. Lakini Glenys ameiandika kwenye ajenda: kitufe cha kaka.

Wewe ndiye mtumiaji mdogo kuliko wote ninaowajua. Niandikie maoni yako niyapeleke mkutanoni. Toa sababu. Merv hapendi watu wasio na sababu.

Shangazi yako


Neiafu
30 Aprili 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa na herufi kubwa hadi Mama akauliza kama ni bango. Nilimwambia ndivyo mashine yako inavyochapa. Mkeka umekuwa mpana. Penisimani ameteguka kidole cha mguu na anakionyesha kwa kila anayepita. Baba hajambo, Jumamosi alichelewa sana kwenye kikao cha kunywa kava na Jumapili akasinzia kanisani akiwa amekaa wima. Mama anasema hicho ni kipaji.

Maoni yangu nimeyafikiria wiki nzima. Spika iondolewe. Sababu zangu ni kama ifuatavyo. Kwanza, kitabu ni cha anayekisoma. Mtu anayesoma kwa macho hafungui kitabu chake kikapiga kelele. Kwa nini sisi tunaosikiliza tuwe ndio pekee ambao kila mtu anajua tuko ukurasa gani? Pili, chombo chembamba kinafichika kwenye mfuko wa sare. Tatu, ninakubaliana na Bi Shobhna, ingawa sina mama mkwe.

Naomba pia alama ya kukumbusha mahali iwe ya sauti yangu mwenyewe, ili niweze kusema "hapa" na "hapa pazuri sana," badala ya kupigiwa mlio.

Nimeona nimeandika "sisi tunaosikiliza". Sikukusudia, lakini nimeiacha.

Shuleni bado hawajajua. Rafiki yangu Akosita hunisomea ubaoni akidhani nakaa nyuma kwa uvivu. Insha naziweza, maana kuandika hakuhitaji kuona sana ukizoea. Ramani ndizo zinazonishinda. Mwalimu wa jiografia aliniambia mbele ya darasa, "Siale, wewe na vitabu vyako vyote, Fiji umeiweka wapi? Umeila?" Watu walicheka, nami nikacheka. Mwalimu mkuu ametangaza kwamba mwanafunzi anayehitaji msaada wa pekee kwenye mtihani wa mwisho, kama kusomewa maswali, aseme kabla ya shule kufungwa katikati ya Julai, aje na mzazi. Baada ya hapo hakuna. Aliposema hivyo nilikuwa natazama dirishani, ili asinione nikimtazama.

Hukunijibu maswali yangu mawili. Labda ukurasa ulipotea.

Siale


Logan
21 Mei 2023

Siale mwanangu,

Marahaba. Pole kwa kidole cha Penisimani, ingawa naona kinamfaa. Hapa baridi imeanza. Jirani yangu Mvietnamu ananiletea supu kila Alhamisi na kusimama mpaka niimalize, kama askari.

Niliyatoa maoni yako mkutanoni. Merv akasema, "Huyo mtoto ana akili, na amekosea."

Akaeleza. Tangu mke wake afariki, hufungua kisomaji jikoni asubuhi na kukiacha kiseme. Hasikilizi kila neno. "Nikivaa hedifoni," alisema, "kitabu kiko ndani ya kichwa changu na nyumba iko tupu. Nikiweka spika, kuna mtu nyumbani." Shobhna hakumtania. Baadaye kidogo akasema, hata mama mkwe wake husogeza kiti karibu inapofika sehemu ya polisi, ila hawezi kukubali.

Nami nimesimama upande wa Merv. Nataka spika ibaki, na kitufe changu kiwepo. Hoja yako kwamba kitabu ni cha anayekisoma ni nzuri, lakini chombo kisichoweza kusikika na mwingine ni chombo cha mtu aliyeamua kwamba hatakuwa na mwingine. Nakujibu wewe, si mkutano.

Alama ya sauti wameipenda wote. Glenys amesema imetoka kwa mwanachama wa Tonga. Sasa wewe ni mwanachama. Kura ni Juni.

Ukurasa haukupotea. Mashine ilinisomea maswali yako mara mbili, kwa sauti yake ileile inayonisomea bili ya umeme.

Mle vizuri.

Shangazi yako


Neiafu
19 Juni 2023

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Mama hajambo, Bibi anakohoa kidogo. Baba na Penisimani wazima pia, lakini Penisimani hali chakula nyumbani, na nitakueleza.

Jumapili iliyopita baada ya kanisa tulikula chakula cha tanuri la ardhini, majani ya magimbi yenye nyama na maziwa ya nazi, kisha kila mtu akajinyoosha kama kawaida. Baba alikuwa kwenye mkeka sebuleni, Mama karibu yake na upepeo. Mimi nilikuwa kwenye pembe, nimegeukia ukuta, hedifoni masikioni chini ya nywele. Kaka zetu hawakai sebuleni sisi tukiwepo, unajua, lakini Penisimani aliingia mara moja kuchukua viatu vyake vya raga. Waya ulikuwa umelala sakafuni. Aliukanyaga, ukamzunguka kidole kilekile kilichoteguka, akavuta mguu, na hedifoni zikachomoka.

Unajua kisomaji hiki kinafanya nini hedifoni zikichomoka. Kinahamia kwenye spika chenyewe, kwa nguvu zote.

Kitabuni, nahodha alikuwa anafungua vifungo vya gauni la mjane. Kilisoma kifungo cha kwanza na cha pili kwa ile sauti tambarare inayosoma Zaburi. Penisimani alisimama mguu mmoja hewani. Mama alisema, "Zima! Zima hicho!" Vitufe vyote navijua kwa vidole, Shangazi, lakini siku hiyo vidole havikuvijua. Kilifika kifungo cha nne. Penisimani akatoka bila viatu. Hakunitazama. Tangu siku hiyo chakula anapelekewa kwenye kibanda chake.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa rahisi zaidi. Jioni Baba aliniita. Alikuwa amekishika kisomaji kwa ncha za vidole, kama samaki aliyechina.

"Siale. Mtu mwenye macho yake mazima, kitabu cha kusikiliza ni cha nini?"

Nilichezea ukingo wa mkeka.

"Ni ili tusione unachosoma?"

Shangazi, mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningeweza kupita. Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Aliniangalia, nadhani, kisha akakiweka juu ya kabati. Nimeliwaza hili sana. Nimechagua baba yangu anione sina haya kuliko ajue kwamba sioni. Sijui kama ni ushujaa au ni kinyume chake.

Sasa siwezi kujisomea. Nimejaribu kwa kioo cha Mama cha kutungia uzi kwenye sindano. Kinakuza doa pamoja na neno. Naomba utumie neno lako. Niliomba usimwamuru Baba kitu, lakini hiki kimoja naomba umwamuru. Mwandikie, "Mrudishie." Usiseme kwa nini. Atakirudisha saa hiyohiyo, hawezi kukukatalia. Shule inafungwa tarehe kumi na nne Julai.

Siale


Logan
4 Julai 2023

Siale,

Barua hii anakuletea mke wa mchungaji, anayesafiri kwa ndege kesho. Amekwishaniuliza ndani kuna nini, nikamwambia mambo ya vitufe.

Sitamwamuru.

Naweza. Neno moja, na Sekope atakushushia hicho kisomaji kwa mikono miwili, na hatauliza kitu. Hapo ndipo penye tatizo. Baba yako hajawahi kunikatalia na hajawahi kuniuliza. Alikuwa na kazi Nuku'alofa, ameizoea, anaipenda. Nikamwandikia arudi Vava'u amtunze mama. Alirudi kwa boti iliyofuata. Alidhani nataka kwenda Australia kama watu wengine, na nikaacha adhani hivyo. Ukweli ni kwamba sikuweza tena kuona moto wa jikoni. Nilikuwa na aibu, kwa hiyo nikatoa amri. Alitii. Hivyo ndivyo kaka yangu na mimi tulivyozungumza maisha yetu yote, na leo ukiniuliza anafikiri nini juu ya jambo lolote, sijui.

Nikimwamuru akurudishie, utakipata kisomaji na utampoteza wa kumwambia.

Maswali yako. Ndiyo, kwangu ilianza hivyohivyo, doa la mafuta, katika umri wako. La pili: kwangu iliisha karibu yote. Katikati ilikwenda nikiwa msichana. Pembeni palibaki miaka mingi, nikafanya kazi, nikapika, nikavuka barabara. Sasa najua mchana na usiku, na kama mtu amesimama mbele ya dirisha. Yako sijui itakwendaje, na yeyote atakayekuambia anajua bila kukupima, usimwamini. Lazima upimwe. Sikukujibu mapema kwa sababu nilitaka kwanza nipate namna nzuri ya kulisema. Haipo.

Kura imepita. Spika inabaki. Hedifoni zikichomoka, kisomaji kitanyamaza mpaka mwenyewe abonyeze. Nilisimulia ajali yako mkutanoni bila jina lako wala vifungo. Shobhna alisema, "Maskini mtoto." Merv alisema angependa kujua kitabu kinaitwaje.

Shangazi yako Kalolaine


Neiafu
18 Julai 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Bibi amepona kikohozi. Harusi imepita na mkeka ulisifiwa, na Mama sasa anasema upana ulikuwa wazo lake. Penisimani amerudi kula nyumbani, wakati mimi niko jikoni. Hatutazungumza jambo lile na ndivyo inavyotakiwa.

Mke wa mchungaji alikwama Nuku'alofa zaidi ya wiki, akafika na barua Jumamosi. Niliisoma nyuma ya tangi la maji, ilinichukua mpaka mchana. Kisha nilikwenda shambani. Baba alikuwa anakata mbegu za viazi vikuu.

Nikasema, "Baba, kile kisomaji."

"Kipo juu ya kabati. Hakijakimbia."

"Sikukuambia kweli. Si cha kuficha ninachosoma. Sioni maandishi."

Aliendelea kukata. "Huoni au hutaki?"

"Sioni."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa majivu ya volkano."

Akakata kipande kingine, halafu akauliza, "Mimi unaniona?"

"Nikitazama sikio lako, naona uso."

Aliweka kisu chini. "Basi tazama sikio," alisema. Nikatazama. Alikuwa analia, bila sauti, na hakujifuta. Nadhani alifikiri hilo silioni.

Baadaye aliuliza nani mwingine anajua. Nikasema wewe. Akauliza, "Kalo ameagiza nini?" Nikamwambia umekataa kuagiza. Aliokota kisu, akakiangalia. "Kalo amekataa kuagiza," alisema, si kwangu. Sikumsomea barua yako. Nilimwambia tu kwamba kuna mambo angeweza kukuuliza, na kwamba nadhani ungejibu. Jumapili aliniuliza ile ofisi yenye simu ya setilaiti inafunguliwa saa ngapi.

Shule ilikuwa imefungwa Ijumaa, siku moja kabla ya barua yako. Tarehe ilikuwa imepita. Jumatatu Baba alivaa mkeka wake wa kiunoni, ule wa heshima wa kanisani, tukaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa mwalimu mkuu, nyuma ya shule. Alikuwa anaanika nguo. Alitukaribisha barazani na kumgeukia Baba, kama ilivyo kawaida, akamuuliza tatizo ni nini.

Baba akasema, "Muulize mwenyewe. Macho ni yake."

Nikajibu maswali yote. Mwalimu mkuu alisema muda umekwisha. Baba alikaa tu. Hakubembeleza na hakuondoka. Mwishowe mwalimu mkuu alisema ataandika Nuku'alofa, hawezi kuahidi, na kwamba watataka karatasi ya daktari wa macho. Tuliporudi Baba alikata tiketi mbili za boti ya Alhamisi. Mimi nilikwenda kwa kina Akosita, nikamwambia kwa nini nakaa nyuma, na nikamwomba anisomee ramani ya Fiji kwa sauti, kisiwa kimoja kimoja.

Siale